Kompyuta niliyoiunda mwenyewe inazima ovyo na skrini inatoa viraba vya kijani. Nianzie wapi?

#1 NgamboYaLikoni (Jumatatu, saa 4:12 usiku)

Salaam. Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza na sasa inanitoa roho. Vipande nimevinunua kimoja kimoja tangu Disemba, vingine vipya, vingine mtumba. CPU ni Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, RAM GB 32 ya DDR4 (vijiti vinne vya GB 8), SSD ya GB 500, pawa saplai ya wati 550 iliyoandikwa 80 Plus Bronze. Kadi ya picha ni RX 5700 XT ya mtumba, nilipatana na jamaa mtandaoni tukakutana Mwembe Tayari nikampa elfu 17. Monita ni ya inchi 24, 144 Hz, kwa kebo ya DisplayPort.

Shida ni mbili. Ya kwanza, niko YouTube au nimefungua folda tu, skrini inameta, halafu vinatokea viraba vya kijani na zambarau kama mtu kapasua kanga akaibandika kwenye kioo. Giza sekunde mbili tatu, kisha picha inarudi. Ya pili, inazima kabisa: kioo cheusi, feni za kadi zinavuma kama feri inaingia gatini, kisha inajiwasha yenyewe.

Ajabu yake, asubuhi haina neno. Balaa huanza baada ya futari, saa moja mpaka saa nne. Nikitoka tarawehe nikikaa kucheza, dakika ishirini hazifiki.

Windows nimeiweka upya mara mbili. Event Viewer (daftari la matukio la Windows) imejaa Kernel-Power 41. Dukani niliponunua mazabodi wameniambia "sisi hatukukuundia", basi.

#2 KaimatiTatu

Hilo jini. Mpigie kisomo.

#3 BintiMtwapa

Ramadhani mashetani wamefungwa. Tafuteni sababu nyingine.

#4 FundiTudor

Kernel-Power 41 haikwambii kitu. Ni Windows ikiamka na kuandika "jana nilizimwa bila kuagwa". Stima ikatike, pawa saplai ikate, au ubonyeze kitufe mwenyewe, utaikuta 41 hiyo hiyo. Shuka chini mle mle uangalie kama kuna Display 4101 au WHEA-Logger 18. 4101 maana yake draiva ya kadi (programu inayoiendesha) imezirai na ikazinduliwa: Windows huipa kadi sekunde mbili ijibu, isipojibu huiwasha upya. Giza lako la sekunde mbili tatu latoka hapo. 18 ni habari ya CPU na jamaa zake.

Halafu nijibu hili kabla watu hawajakuuzia maneno. Kadi yako ina matundu mawili ya stima, la pini 8 na la pini 6. Umeyalisha kwa kebo mbili mbali mbali, au kebo moja yenye vichwa viwili?

#5 NgamboYaLikoni

Kebo moja, vichwa viwili. Nilidhani ndivyo ilivyokusudiwa. 4101 ziko nane tangu Ijumaa. WHEA hakuna hata moja.

#6 FundiTudor

Basi hapo. Nafasi ya mazabodi hutoa wati 75, pini 8 wati 150, pini 6 wati 75. Kadi hiyo kwa karatasi yala 225, lakini kuna vipindi vya punje ya sekunde ambapo huruka juu zaidi. Vyote hivyo wavipitisha waya mmoja mwembamba wa pawa saplai ya bei ya chini. Na hiyo 80 Plus isikudanganye, inapima stima ngapi inapotea kuwa joto, haisemi kitu kuhusu ubora wa vilivyomo ndani. Toa kebo ya pili kwenye boksi, chomeka, turudi hapa.

#7 TangaKunani

Mkuu FundiTudor, sikubaliani. Kadi ya 225 kwa kebo moja si dhambi, sehemu ya mzigo inapita kwenye mazabodi. Kwa kadi ya wati 300 ningekuunga mkono. Kinachonishangaza mimi ni hiyo saa moja mpaka saa nne. Kebo haijui saa. Angalia umeme wa nyumba.

#8 KaimatiTatu

Umeme ni wa radi. Wa nyumbani ni stima. Karibu Mombasa.

#9 MzeeMakupa

Kijana, mbona hakuna aliyekuuliza habari ya RAM? Hivyo vijiti vinne umevinunua siku moja, boksi moja? Na je, XMP (mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi ya lebo yake) umeiwasha?

#10 NgamboYaLikoni

Viwili vipya, viwili mtumba lakini kampuni moja, lebo moja, vyote 3600. XMP nimeiwasha, BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) ikakubali bila kelele.

#11 MzeeMakupa

BIOS kukubali si kuafikiana. Mchumba naye hukubali, ndoa ndiyo kazi.

AMD wenyewe, kwa Ryzen za 5000, wanaahidi 3200 ukiwa na vijiti viwili. Ukijaza vinne vya safu moja ya chipu (single rank) wanashuka mpaka 2933, vya safu mbili 2667. Hiyo 3600 ni kuisukuma CPU kupita ahadi. Wengi husukuma na ikaenda, lakini hawasukumi na jozi mbili zisizojuana. Lebo moja si hoja. Kampuni hiyo hiyo yaweza kubadilisha chipu za ndani mwaka huu na ule na jina likabaki lile lile.

Fanya hivi. Vua viwili vya mtumba. Viwili vilivyobaki viweke nafasi ya pili na ya nne, ukihesabu kutoka kwenye CPU. Kisha MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iache usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa, usiniambie "ni moja tu".

#12 MiritiniExpress

Si ile kasoro ya CPU iliyotangazwa 2024? Watu walikuwa wakilia kila mahali gemu zinaanguka.

#13 TangaKunani

Soma uzi kabla hujaandika. Yake ni Ryzen. Ile ilikuwa Intel Core kizazi cha 13 na cha 14 za mezani: CPU ilikuwa inajiombea voltiji kubwa kuliko inavyostahili na kujichosha polepole. Intel walitoa kiraka cha 0x129 Agosti 2024, kisha 0x12B, na waranti wakaiongeza miaka miwili.

#14 MiritiniExpress

Haya, samahani. Binamu yangu ana i5-12400F, aogope?

#15 TangaKunani

Kizazi cha 12 hakimo. Alale.

Ila tukio lile lina funzo kwa mleta uzi. Wengi walioathirika walikuwa wanaona ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, wakabadilisha kadi, wakabadilisha draiva, kumbe kadi haina kosa lolote. Skrini ndiyo inayolia lakini anayempiga yuko pengine.

#16 BintiMtwapa

Mimi yangu ilikuwa kebo. Nacheka lakini wakati ule nililia. Kompyuta mpya, kila nikiizima haiwaki tena mpaka nichomoe monita. Fundi wa kwanza akasema mazabodi, wa pili akasema pawa saplai na akaniuzia nyingine. Mwisho nikasoma kwamba kebo za DisplayPort za bei rahisi huunganisha pini ya 20, ambayo kwenye kebo haitakiwi kuunganishwa, na monita inarudisha stima kwenye kadi kwa mlango wa nyuma. Nikabadilisha kebo tu. Ile pawa saplai ya bure ninayo mpaka leo kabatini.

Ngambo, kabla ya kufungua kesi (sanduku la kompyuta) jaribu vitu viwili. Peleka kompyuta kwenye TV kwa HDMI. Na viraba vikitokea, piga picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, halafu piga nyingine kwa simu. Viraba vikiwa ndani ya picha ya kibodi, kasoro iko kwenye kadi au draiva. Vikiwa kwenye picha ya simu pekee, ni kebo au monita.

#17 MwalimuMikindani

Mabibi na mabwana, mmesahau bahari. Tarakilishi iliyoketi karibu na dirisha Likoni inapumua chumvi mchana na usiku. Mwaka jana nilikifungua kifaa changu nikakuta pini za kadi zimeota kutu ya kijani, nayo ilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Nilisugua kwa kifutio cha penseli, nikapangusa kwa spiriti, na kiwambo kikatulia.

#18 KaimatiTatu

Mwalimu, "kiwambo" nimekisikia mara ya mwisho nikiwa darasa la saba.

#19 MwalimuMikindani

Na insha yako bado naikumbuka.

#20 FundiTudor

Kifutio ni sawa, ila kile laini cheupe, si kile cha buluu cha upande wa wino. Kile ni msasa, kinachuna dhahabu ya pini na hapo umeialika kutu rasmi.

#21 GanjoniVolti

Mimi kazi yangu ni waya za nyumba, habari za RAM nawaachia. Swali kwa mleta uzi: ukigusa kesi kwa mgongo wa mkono huku uko peku kwenye sakafu, wasikia kitu?

#22 NgamboYaLikoni

Inanitekenya! Kama chungu wadogo. Nilidhani ndivyo chuma kinavyokuwa.

#23 GanjoniVolti

Si kawaida ya chuma. Pawa saplai ina kapasita mbili za kuchuja kelele, moja imefungwa kati ya waya moto na kesi, nyingine kati ya nyutro na kesi. Waya wa ardhi ukikosekana, kesi inaning'inia katikati, karibu nusu ya 240. Mkondo wenyewe ni mdogo, hautakuua, ndio maana unatekenya tu. Lakini maana yake ardhi haikufikii.

Zima, chomoa, fungua kichwa cha plagi ya ekstensheni utuambie umeona waya ngapi.

#24 NgamboYaLikoni

Nimefungua. Kahawia na buluu. Pini ya juu ile kubwa haina kitu, skrubu yake hata haijawahi kukazwa, inang'aa. Kebo nzima ni ya nyuzi mbili. Na hii ekstensheni iko nyumbani tangu nikiwa mdogo, ndiyo ya friji ya mama ya zamani.

#25 GanjoniVolti

Kesho usiiwashe kwa hiyo. Nunua ya nyuzi tatu, na uikague soketi ya ukutani pia, nyumba nyingi za ng'ambo ardhi ni pambo la ukuta tu. Mita unayo? Pima saa ya futari na pima asubuhi.

#26 TangaKunani

Nilisema umeme wa nyumba.

#27 FundiTudor

Usishangilie bado. Ukosefu wa ardhi unaleta kelele, unaleta mtekenyo, unaweza kuua kadi siku ukichomeka HDMI ya TV iliyofungwa na antena. Viraba vya kijani ni habari nyingine. Hivyo ni kumbukumbu ya kadi inasoma kitu kisicho. Siku zote kwangu viraba ni kadi mpaka ithibitike vingine.

#28 BintiMtwapa

"Siku zote" ndilo neno lililoniuzia pawa saplai ya pili.

#29 NgamboYaLikoni (Jumatano, saa 5:40 asubuhi)

Ahsanteni. Ripoti. Nimeweka kebo ya pili kwenye kadi. Ekstensheni mpya ya nyuzi tatu, mtekenyo umekwisha. Stima nimepima: asubuhi 238, saa moja kasorobo usiku 212, na mara jirani wa chini akiwasha pampu ya maji mita inaruka hata sikuweza kuisoma.

MemTest86: vijiti vinne kwa 3600, makosa yalianza dakika ya ishirini na tatu, mekundu skrini nzima. Nikaishusha 2666, vinne vile vile, saa nne hakuna kosa. Mzee Makupa nakupa mkono.

Kuzima kabisa hakujatokea tangu jana mchana. LAKINI viraba bado vipo. Jana saa mbili usiku vimekuja mara tatu.

Kwenye TV kwa HDMI vipo pia, kwa hiyo si kebo wala monita. Ila, Binti, picha ya kibodi haina viraba. Ya simu inavyo. Sasa hapo sielewi.

#30 MzeeMakupa

Nakupokea. Ya RAM imekwisha. Vya mtumba viuze.

#31 FundiTudor

Imekwisha vipi mzee? Kabadilisha kebo ya kadi, ekstensheni na RAM kwa pamoja. Kilichotibu ni kipi? Hujui, sijui, naye hajui. Ngambo, badilisha kitu kimoja, kaa nacho usiku mzima, ndipo uguse kingine.

#32 MzeeMakupa

Makosa mekundu skrini nzima, na bado wataka ushahidi?

#33 FundiTudor

Ushahidi kwamba RAM ilikuwa mbovu kwa 3600 ninao. Ushahidi kwamba ndiyo iliyokuwa ikizima kompyuta sina. Nakumbusha pia aliandika mwanzo kwamba asubuhi haina neno. RAM isiyoafikiana hukosea hata alfajiri.

#34 MiritiniExpress

Labda asubuhi kuna baridi.

#35 KaimatiTatu

Mombasa, kaskazi hii, baridi? Wewe treni imekushusha Voi.

#36 MiritiniExpress

Baridi *kidogo*. Saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku kwenye chumba cha bati si sawa. Amepima joto la kadi?

#37 NgamboYaLikoni

HWiNFO (programu ya kusoma joto) inasema nyuzi 78, lakini kuna namba nyingine ya ndani imefika 98. Nimeshtuka.

#38 TangaKunani

Usishtuke. Hiyo ya pili ndiyo sehemu yenye moto kuliko zote kwenye chipu, na kwa kadi hiyo AMD wanaruhusu mpaka 110. Tofauti ya nyuzi 20 kati ya hizo mbili si ajabu kwa kadi ya mtumba, grisi imekauka tu. Angalia joto la kumbukumbu pia, liko mstari wa chini yake.

Kuhusu picha ya kibodi: kipimo cha Binti ni kizuri lakini kina tundu. Windows siku hizi haichanganyi kila kitu katika picha moja. Dirisha la video linaweza kupelekwa kwenye kadi peke yake kama karatasi ya pili, yakaunganishwa mwishoni kabisa, baada ya pale kitufe cha kibodi kinapochukua picha. Wenyewe wanaiita MPO. Imewahi kuleta kumeta kwenye kadi za kampuni zaidi ya moja. Inazimwa kwenye rejista, OverlayTestMode ukaipa 5, kisha washa upya. Na ukiwa hapo, safisha draiva kwa DDU (programu ya kufuta draiva za kadi) ndani ya Safe Mode, intaneti ukiwa umeichomoa. Usipoichomoa Windows Update itakuwekea draiva yake ya zamani juu ya yako kabla hujafika kwenye kahawa.

#39 FundiTudor

Kitu kimoja kwa wakati mmoja, nimesema.

#40 NgamboYaLikoni

Nimezima MPO tu. Kumeta kumekwisha. Viraba bado.

#41 MzeeMakupa

Swali la mwisho la mzee. Hivyo viraba, umewahi kuviona kabla Windows haijaingia? Pale kwenye nembo ya mazabodi, au ukiwa BIOS? Pale draiva hakuna, Windows hakuna. Vikitokea pale, mshtakiwa ni mmoja.

#42 NgamboYaLikoni

Mara moja. Vidoti vya kijani juu ya nembo, Jumapili saa kumi na mbili na robo jioni. Sina hakika, yaweza kuwa macho ya njaa.

#43 KaimatiTatu

Mahakama haikubali ushahidi wa mtu aliyebakisha dakika kumi na tano kufuturu.

#44 BambaMtumba

Salaam, nimepita kimya siku tatu. Mimi nanunua na kuuza kadi. Nipe jibu hili: fungua GPU-Z (programu ya kusoma habari za kadi), kuna kisanduku kimeandikwa Shaders, yaani vichakataji vidogo vya kadi. Namba ngapi?

#45 NgamboYaLikoni

2304.

#46 BambaMtumba

Basi hiyo si RX 5700 XT, yakhe. XT ina 2560. Yako ni RX 5700 ya kawaida iliyovishwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) ya kaka yake. Zilitoka siku moja Julai 2019, umbo moja, GB 8 zote mbili, na watu waligundua mapema kwamba ukiipa ndogo BIOS ya kubwa inapanda kasi karibu kuifikia. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali nao wakazichezea BIOS kwa njia zao. Ile ndogo ilikusudiwa wati 180. Iliyovishwa inasukumwa kama ya 225, na ikiwa imeshafanya kazi usiku na mchana miaka miwili kwenye rafu ya mtu, ndio hivyo.

Aliyekuuzia anaweza kuwa mwizi, au naye aliuziwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza moja bila kujua, nikarudishiwa, nikaona haya.

#47 NgamboYaLikoni

Wallahi nimekaa chini. Namba ya jamaa haipatikani.

#48 TangaKunani

Pole mkuu. Lakini hebu tusikimbie. Kadi iliyovishwa BIOS si lazima iwe mbovu, wengi walikaa nazo miaka. Ingia kwenye programu ya AMD, shusha kasi ya juu mpaka MHz 1700 hivi, uone.

#49 BambaMtumba

Na angalia ubavuni karibu na feni kama kuna swichi ndogo. Baadhi ya kadi zina BIOS mbili. Mungu akipenda ya pili haijaguswa.

#50 NgamboYaLikoni (Ijumaa, saa 5:05 usiku)

Swichi haipo. Kasi nimeishusha 1700. Viraba vimepungua kutoka mara tatu kwa usiku hadi mara moja.

Halafu leo nimefanya jambo. Nimeifunga kompyuta na shuka, tuktuk mpaka feri, feri, tuktuk nyingine mpaka Tudor kwa rafiki yangu. Huko nimerudisha kasi ya juu kama ilivyokuwa, nikacheza kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Hakuna kiraba hata kimoja. Nimerudi nyumbani, nimefuturu, saa mbili usiku kasi ya juu: viraba.

#51 GanjoniVolti

Soma lebo ya pawa saplai. Upande wa kuingiza stima imeandikwa 100–240 au 200–240?

#52 NgamboYaLikoni

200–240.

#53 GanjoniVolti

Na mita yako imesoma 212 kabla pampu ya jirani haijavuta. Pampu ikishika inavuta mara kadhaa ya mzigo wake kwa nusu sekunde. Uko chini ya 200 mara ngapi kwa usiku? Ingekuwa yangu ningetafuta pawa saplai ya 100–240 kabla ya kumlaani muuza kadi.

#54 FundiTudor

Kwa rafiki yake kuna AC?

#55 NgamboYaLikoni

Ipo. Ilikuwa 22.

#56 MiritiniExpress

Nilisema baridi nikachekwa.

#57 MwalimuMikindani

Na tuktuk je? Mtikisiko wa barabara ya kwenda Tudor unaweza kuikalisha kadi sawasawa kwenye nafasi yake, na mtikisiko wa kurudi ukailegeza. Pini zenye kutu hupenda mchezo huo. Je, umezisugua?

#58 NgamboYaLikoni

Bado mwalimu. Nilizitazama kwa tochi ya simu. Zile za mwanzo mwanzo, upande wa kulia, zina ukungu kama wa kijani hivi. Nitatafuta kifutio cheupe kesho.

#59 FundiTudor

Kwa hiyo sasa tuna kadi bandia, stima inayozama, joto, na kutu. Ngambo, Jumapili baada ya alasiri niletee hapa Tudor. Nitakuazima pawa saplai yangu ya 650, ni 100–240, ukae nayo wiki moja kwako, saa zako zile zile, kasi ile ile. Kadi usiiguse. Kutu usiiguse. Mwalimu anisamehe.

#60 MwalimuMikindani

Sikusamehe. Kutu haingoji wiki.

#61 MzeeMakupa

RAM ibaki 2666.

#62 NgamboYaLikoni

Ahsante fundi, Jumapili niko kwako. Mama amesema nije na kaimati.

#63 KaimatiTatu

Nani kanitaja?

#64 Bamburi_Gari (mgeni, chapisho la kwanza)

Habari, hiyo kadi bado ipo? Kama waiuza mimi nina elfu tano.

#65 NgamboYaLikoni

Elfu tano? Feni zake tu zimeshasikika mpaka Shelly Beach.

#66 Bamburi_Gari

Elfu tano mia tano, nakuja feri mwenyewe.